Supafudi: chakula cha ajabu au jina la sokoni?

Msikilizaji wetu, kama una simu yenye intaneti bila shaka umekutana na matangazo haya. Unga wa mlonge unaotibu magonjwa mia tatu. Mbegu za chia zinazoyeyusha kitambi. Unga wa ubuyu unaorudisha ujana. Juisi ya komamanga inayozibua mishipa ya moyo. Juu ya kopo huwa pameandikwa neno moja la Kiingereza ambalo kwa matamshi yetu tunaliita supafudi, yaani chakula kinachovipita vyakula vingine vyote.

Katika makala hii tunaeleza neno hilo limetoka wapi, namba zinazotumika kulinadi zinapatikanaje, kipi kimethibitishwa na kipi bado, na ni wakati gani neno hili linaweza kumtia mtu hatarini. Hatusemi kwamba vyakula hivi ni vibaya. Vingi ni vizuri, na baadhi vimo shambani kwako. Tunachosema ni kwamba supafudi ni jina la sokoni. Hakuna kipimo cha maabara wala cha hospitali kinachotenganisha chakula cha kawaida na supafudi. Anayeamua ni yule anayeandika maneno ya kwenye kopo.

Neno lilianzia kwenye ndizi

Watu wengi hudhani neno hili ni la juzi. Lina zaidi ya miaka mia moja, na chakula cha kwanza kunufaika nalo kilikuwa ndizi mbivu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kampuni ya Marekani iitwayo United Fruit Company ilikuwa ikisafirisha ndizi kwa meli kutoka Amerika ya Kati. Ili ziuzike, Wamarekani walipaswa kuzoea kuzila kila siku. Kampuni ikachapisha vijitabu vya kusifu ndizi: ni rahisi, inashibisha, inasagika tumboni kwa urahisi, na inakuja na ganda lake safi. Karibu na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia neno supafudi likaanza kutumika katika kuinadi.

Kisha sifa zikaingia hospitali. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, aliandika kuhusu watoto wenye ugonjwa wa siliaki. Mtoto mwenye ugonjwa huo huharisha, tumbo hujaa, mwili hukonda, na zamani wengi walikufa. Daktari Haas aliwapa mlo wenye ndizi nyingi, akawazuia mkate, vyakula vingine vya nafaka na viazi. Watoto wakanenepa na kupata nguvu. Watu wakasema ndizi inaponya.

Ilichukua zaidi ya miaka ishirini jambo hilo kueleweka vizuri. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi, katika tasnifu yake ya mwaka 1950 na katika kazi aliyofanya na wenzake, alionyesha kwamba kinachowaumiza watoto hao ni ngano. Ndani ya ngano kuna protini inayoitwa gluteni, na matumbo ya mgonjwa wa siliaki hayaivumilii. Watoto wa New York hawakuponywa na ndizi walizokula. Walipata nafuu kwa sababu ya mkate waliokatazwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Ugonjwa wa siliaki haumaliziki. Mgonjwa huishi salama akiepuka gluteni maisha yake yote. Aliyeamini kwamba ndizi zimemponya alikuwa na kila sababu ya kurudi kwenye mkate, na kuendelea kuharibu matumbo yake bila kujua. Ndizi haikuwa na kosa lolote. Sifa iliyopewa ndiyo iliyoficha chanzo cha ugonjwa.

Kisa hiki tumekiweka mwanzo kwa sababu karibu kila supafudi hupita njia hiyohiyo. Kuna mzigo wa kuuzwa. Kuna mtu aliyepata nafuu. Kisha watu wanaunganisha viwili hivyo kabla hawajauliza ni nini hasa kilicholeta nafuu.

Ulaya waliliwekea neno hili masharti

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona kwamba wanunuzi wanapotoshwa. Tangu Julai 1, 2007, mfanyabiashara wa huko haruhusiwi kuandika supafudi kwenye bidhaa yake isipokuwa aambatanishe dai mahususi la afya lililokubaliwa kisheria na kueleweka na mnunuzi. Kwa mfano anaweza kusema bidhaa ina vitamini C, na kwamba vitamini C husaidia kinga ya mwili, endapo kiasi kilichomo kinatosha. Neno peke yake halitoshi.

Kimataifa pia kuna mwongozo. Codex, chombo cha viwango vya chakula kilichoundwa na FAO pamoja na Shirika la Afya Duniani, kinaeleza katika miongozo yake kwamba chakula kisitangazwe kuwa kinazuia, kinatuliza au kinatibu ugonjwa. Ndiyo maana ukiona kopo la unga wa chakula limeandikwa "hutibu kisukari, presha na saratani", hapo tayari una sababu ya kusimama na kuuliza maswali.

Namba za mlonge zinavyopikwa

Sasa tuje kwenye mti tunaoujua. Mlonge asili yake ni kaskazini ya India, chini ya milima ya Himalaya, lakini umezoea nchi zetu kiasi kwamba wengi wanauona ni wa kwetu. Majani yake ni mboga nzuri. Yana protini, kalsiamu, madini ya chuma na kiini kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Hayo hayana ubishi.

Ubishi uko kwenye bango ambalo limezunguka dunia nzima. Linasema unga wa majani ya mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa, madini ya chuma mara 25 ya spinachi, na potasiamu mara 15 ya ndizi. Anayesoma anapiga picha kichwani: kijiko kimoja cha mlonge ni sawa na vikombe 17 vya maziwa. Sivyo.

Bango hilo linalinganisha gramu kwa gramu: gramu 100 za unga mkavu dhidi ya gramu 100 za maziwa. Gramu 100 za maziwa ni chini ya nusu kikombe, mtu anazimaliza kwa mafunda machache. Gramu 100 za unga wa mlonge ni vijiko vya chai thelathini au zaidi. Hakuna anayekula hivyo kwa siku.

Tufanye hesabu pamoja. Kijiko kidogo cha chai cha unga wa mlonge kina uzito wa gramu 3 hivi. Hata tukilikubali bango lenyewe, kijiko hicho kina takriban miligramu 60 za kalsiamu. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300. Kwa hiyo unahitaji vijiko vitano vya unga kufikia kikombe kimoja cha maziwa. Na bado, sehemu ya kalsiamu na madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hushikiliwa na viini vingine vya jani lenyewe, kwa hiyo si yote yanayoingia kwenye damu.

Kuna na mchezo wa pili, nao ni wa maji. Maziwa, machungwa, karoti na spinachi mbichi kwa sehemu kubwa ni maji. Unga ni jani lililokaushwa. Ukiondoa maji, kinachobaki lazima kionekane kimejaa. Mchicha mbichi karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Uanike, uusage, kisha ulinganishe unga wake na maziwa kwa gramu, nao mchicha utapanda cheo. Utapata supafudi nyumbani kwako bila kununua kopo.

Na jua nalo lina lake. Majani yakianikwa juani moja kwa moja hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A na C. Wanaokausha mboga vizuri huanika kivulini au kwenye kaushio lililofunikwa. Mnunuzi wa kopo hajui jani lake lilianikwa wapi, wala limekaa ghalani muda gani.

Ubuyu ulivyovuka bahari

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga mkavu wa ubuyu uuzwe kama chakula kipya katika nchi zake. Mwaka uliofuata Marekani nayo ikafungua mlango. Chakula ambacho watoto wa Dodoma na wa pwani wamekimung'unya tangu enzi na enzi kikaitwa kipya, kikawekwa kwenye makopo, kikapewa cheo cha supafudi.

Ni kweli ubuyu una vitamini C nyingi. Kiasi hutofautiana sana kati ya mbuyu na mbuyu, lakini kwa gramu mara nyingi huzidi chungwa mara kadhaa. Kumbuka tena suala la maji: ubuyu ni mkavu tangu ukiwa ndani ya kibuyu chake, na chungwa limejaa maji. Na ukitaka tunda bichi linaloshinda chungwa, lipo. Pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa kwa uzito uleule. Pera moja la wastani linamtosha mtu mzima kwa siku nzima. Ukizidisha hapo, mwili hauweki akiba kubwa. Ziada hutoka kwa mkojo.

Jambo jingine ni namna tunavyoula. Ubuyu mwekundu unaouzwa kwenye vifuko umepikwa kwa sukari na kutiwa rangi. Vitamini C huharibika kwa moto, na sukari inaongezeka. Ule ni peremende yenye mbegu ya mbuyu ndani yake. Mwenye kisukari asiambiwe kwamba ni dawa. Ubuyu wenyewe, ule mweupe uliokorogwa kwenye maji ya kunywa au kwenye uji uliokwisha poa kidogo, ndio unaobaki na ubora wake.

Kutoka kwenye maabara hadi kwenye mwili

Matangazo mengi yana neno jingine kubwa: antioksidanti. Maana yake ni viini vinavyozuia aina fulani ya uharibifu ndani ya chembe za mwili. Matunda na mboga vinavyo kwa wingi. Katika chupa ya maabara hufanya kazi vizuri, na wafanyabiashara wakaanza kuandika alama: tunda hili lina alama elfu kadhaa, lile lina mara kumi zaidi.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya alama za namna hiyo. Mwaka 2012 iliiondoa, ikisema alama hizo zinatumiwa vibaya na kampuni za vyakula na virutubisho, na kwamba kipimo cha kwenye chupa hakionyeshi kinachotokea ndani ya mwili wa binadamu.

Onyo kubwa zaidi lilikuja kabla ya hapo, kutoka Finland. Watafiti walichukua wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara. Baadhi wakapewa kila siku kidonge cha beta-karotini, kiini kilekile kinachoipa karoti rangi yake. Matarajio yalikuwa kwamba saratani ya mapafu ingepungua, kwa kuwa watu wanaokula mboga na matunda mengi huugua kidogo zaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Waliopewa kidonge walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Karoti haikugeuka sumu, msikilizaji. Kula karoti ni salama. Kilichoonekana ni kwamba kukitoa kiini kimoja ndani ya chakula, kukikusanya kwa wingi na kumpa mtu kwa miaka, si sawa na kula chakula chenyewe.

Kuhusu komamanga, kampuni moja kubwa ya Marekani, POM Wonderful, ilitangaza kwamba juisi yake inasaidia dhidi ya ugonjwa wa moyo, saratani ya tezi dume na upungufu wa nguvu za kiume. Ilisema ina tafiti za mamilioni ya dola. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilizichambua, na mwaka 2013 ikaamua kwamba matangazo 36 yalikuwa ya kupotosha, kwa sababu tafiti hizo hazikuthibitisha madai hayo. Kampuni ilikata rufaa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana na Tume kwamba matangazo yalipotosha. Komamanga ni tunda zuri, lakini halijathibitishwa kuwa dawa ya magonjwa hayo.

Kipo chakula kilichopimwa kweli

Tusije tukaeleweka kwamba hakuna chakula kinachoweza kubadili afya ya watu. Kipo, na mfano mzuri ni viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa.

Viazi hivi havikusifiwa kwanza ndipo vikatafutiwa ushahidi. Tatizo lilijulikana: watoto wengi Afrika hawapati vitamini A ya kutosha, na upungufu wake hudhoofisha kinga na huweza kupofusha. Watafiti nchini Msumbiji waligawa mbegu kwa wakulima wa vijijini, wakawafundisha akina mama kulisha watoto, kisha wakapima damu za watoto na kuzilinganisha na za watoto wa vijiji vingine. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, watoto wa vijiji vilivyolima viazi lishe walikuwa na vitamini A zaidi katika damu. Kipande cha gramu 125, yaani kiazi kimoja kidogo, kinaweza kumtosha mtoto mdogo kwa siku.

Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low kwa kazi yao ya viazi hivi, pamoja na Howarth Bouis aliyeongoza juhudi za kuongeza virutubishi ndani ya mazao mbalimbali.

Angalia tofauti. Dai ni moja na linapimika: vitamini A. Kiasi kinatajwa: kiazi kimoja, si kijiko cha unga. Anayenufaika anatajwa: mtoto mwenye upungufu. Na hakuna aliyesema viazi vinatibu magonjwa mia tatu. Ukivipika, tia mafuta kidogo au karanga, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili iingie mwilini.

Hatari ziko wapi?

Hasara ya kwanza ni ya fedha. Kwa bei ya kopo moja, familia huenda ingenunua mayai, dagaa, maharage na mchicha wa siku kadhaa. Fanya hesabu hiyo kwa bei za soko lako kabla ya kulipa. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana kalsiamu na protini, na hakuna anayewaita supafudi.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi: kuacha dawa. Kisukari na presha mara nyingi haviumi. Mtu anaweza kuacha vidonge akanywa unga, akajisikia vizuri kwa miezi, huku figo, macho na mishipa vinaharibika kimyakimya. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni cha sukari na cha presha, kwenye zahanati. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu: hakuna chakula kinachochukua nafasi yake.

Hasara ya tatu ni chakula kugongana na dawa. Tutaje mifano michache.

Mlonge: tafiti ndogo zilizofanywa kwa watu zinaonyesha huenda majani yakashusha sukari kidogo baada ya mlo. Ushahidi huo hautoshi kuyafanya dawa, lakini unatosha kumfanya anayetumia dawa za kisukari awe mwangalifu. Akinywa unga mwingi juu ya dawa, sukari inaweza kushuka mno, naye akatokwa jasho, akatetemeka au akazimia. Amweleze mhudumu wa afya anachotumia. Mizizi na magome ya mlonge yasitumiwe, hasa na mama mjamzito.

Mboga za majani mabichi ya kijani, zikiwa kwenye unga uliokolea, zina vitamini K nyingi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi anachokula bila kumwambia daktari.

Balungi: juisi yake huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za kupunguza lehemu, dawa ikazidi kiwango ndani ya damu. Uliza unapopewa dawa.

Ubuyu na mlonge vina potasiamu nyingi. Hiyo ni sifa njema kwa mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu ni hatari kwa mapigo ya moyo.

Mkulima naye ajihadhari

Neno supafudi humfikia mkulima kwa njia nyingine: "Panda hiki, Wazungu wanakitafuta." Kabla hujang'oa mahindi, sikia kisa cha kwinoa.

Kwinoa ni nafaka ya wakulima wa milima ya Andes, katika Bolivia na Peru. Wamarekani na watu wa Ulaya walipoipa cheo cha supafudi, bei yake ilipanda karibu mara tatu kati ya mwaka 2006 na 2013. Umoja wa Mataifa ukaufanya mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa. Wakulima wengi wakaingia, Peru ikaongeza kilimo chake kwa kasi, na nchi nyingine zikajaribu. Mzigo ukafurika sokoni, na kufikia mwaka 2015 bei ilikuwa imeporomoka. Waliopata faida kubwa ni waliokuwa na zao kabla sifa hazijavuma. Waliochelewa walivuna wakati bei ikishuka.

Kwa hiyo anayekuletea mbegu za mlonge, chia au zao lolote lenye sifa kubwa, mwulize: mnunuzi ni nani, mkataba uko wapi, bei ya kununulia imeandikwa, na akishindwa kuja nitamuuzia nani? Zao ambalo familia yako inaweza kulila likikosa soko ni salama kuliko lile linalomngoja mtu wa mbali.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Je, niache kutumia mlonge? Hapana, kama una afya njema na unautumia kama mboga. Chuma majani mabichi, pika kama mchicha, changanya na karanga. Hakuna haja ya kununua kopo ikiwa mti uko uani.

Je, chia inaondoa kitambi? Mbegu hizi zina nyuzinyuzi nyingi, hufyonza maji na huweza kukupa hisia ya kushiba. Haziyeyushi mafuta. Ukizitumia ziloweke kwanza; kuzimeza kavu na kunywa maji juu yake kunaweza kuziba koo.

Mwanangu hakui vizuri, nimpe unga wa lishe wenye majani ya ajabu? Kwanza mpeleke kliniki akapimwe uzito na urefu. Mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu yote miwili, anahitaji matibabu ya utapiamlo mara moja, wala si unga. Mtoto mwingine mara nyingi anahitaji uji mzito kidogo uliotiwa karanga au maziwa, yai, dagaa waliosagwa, mboga na matunda, na kulishwa mara nyingi zaidi kwa siku.

Nitajuaje tangazo ni la uongo? Angalia mambo haya. Je, linataja magonjwa mengi kwa mpigo? Je, linakuambia uache dawa? Je, kopo linaonyesha kiasi cha kutumia, viambato, tarehe ya mwisho na alama ya ubora? Tanzania Bara, usimamizi wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na wa dawa uko chini ya TMDA. Kumbuka kwamba alama ya ubora inahusu usalama na viwango vya bidhaa. Haina maana kwamba bidhaa inatibu.

Je, nile kiasi gani cha mboga na matunda? Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa kukadiria, ni kama viganja vitano, vya mboga na matunda kwa pamoja. Kijiko cha unga hakifiki huko, hata kiwe cha mti gani.

Ukiwa na kopo nyumbani sasa hivi, huna haja ya kulitupa. Lisome. Tafuta uzito wa kijiko kimoja na kiasi cha kirutubishi kilichomo, kisha linganisha na unachokula kwa kawaida. Kama huoni namba hizo, mpelekee mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa lishe wa wilaya yako, na dawa zako zote uende nazo mkononi azione.